Kuchangisha fedha za matibabu kwa kujitolea: kutoka barua ya kwanza hadi risiti ya mwisho

Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua sehemu kubwa ya kazi hii. Anajua kwamba ahadi si fedha, kwamba mweka hazina asiyetoa taarifa huzua maneno, na kwamba wiki mbili za mwisho ndizo zinazoleta michango mingi. Ila harusi ina kadi na kiti mezani, na anayechangia anajua kwamba siku moja naye ataoa au ataozesha, na watu watamrudia. Mama anayesubiri upasuaji wa fistula, au mtoto mwenye saratani wodini, hana cha kumrudishia mchangiaji. Hapa mtu hutoa kwa sababu mbili: ameombwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, na mtu anayemwamini, na anaona bila shaka yoyote fedha zake zinakokwenda. Sababu moja ikikosekana, hata tangazo zuri namna gani halisaidii.

Tunamzungumzia mtu mmoja, au marafiki wawili watatu, wanaojitolea kuchangisha kwa ajili ya taasisi ya afya isiyotafuta faida. Kumchangia ndugu mmoja aliyelazwa ni jambo jingine lenye taratibu zake.

Chagua kazi moja ndani ya taasisi

Kosa la kwanza la wengi ni kuchangisha kwa ajili ya “kusaidia wagonjwa”. Maneno hayo hayamfikishi mtu popote. Taasisi kubwa hufanya mambo mengi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, kwa mfano, ina huduma za macho, ina za viungo, ina za fistula, ina za uzazi. Tumaini la Maisha hushughulika na watoto wenye saratani, kitovu cha kazi yake kikiwa Muhimbili. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hupasua watoto waliozaliwa na matundu ya moyo. Chagua taasisi moja, kisha ndani yake chagua kazi moja ambayo unaweza kuieleza kwa sentensi tatu bila kusoma karatasi.

Tuchukue fistula, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi maelezo yanavyozaa mchango. Fistula ya uzazi hutokea uchungu unapokwama kwa muda mrefu bila msaada wa daktari: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini dhidi ya mifupa ya nyonga, damu haifiki, nyama hufa na kuacha tundu. Mama hubaki akivuja mkojo, wakati mwingine na haja kubwa, bila kuweza kuzuia. Tiba yake ni upasuaji, na CCBRT huufanya bila kumtoza mgonjwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi hawakufika, na nauli ilikuwa kikwazo kikubwa. Ndiyo maana tangu 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wake wa vijijini, yaani watu wanaowatafuta wagonjwa huko, nao mabalozi hupata malipo kidogo mgonjwa anapofika hospitalini.

Mtu akisikia kwamba tiba ipo na ni bure lakini mgonjwa yuko kilomita mia kadhaa akikosa nauli ya basi, anaelewa mara moja shilingi zake zinafanya nini. Tafuta jambo la namna hiyo kwenye taasisi uliyoichagua. Waulize wanaofanya kazi humo: ni kitu gani kinakwama kwa kukosa fedha kidogo? Mara nyingi hawatakutajia mashine. Watakutajia chakula cha mama anayemuuguza mtoto, dawa ambayo bima haigusi, au nauli ya kurudi kliniki mwezi ujao.

Barua kabla ya shilingi

Usitangaze chochote kabla ya kuongea na taasisi. Wapo wanaoanza kuchangisha kwa nia njema kabisa, halafu taasisi inakana kuwafahamu pale mchangiaji mmoja anapopiga simu kuuliza. Jina la mtu halirudi upesi baada ya hapo.

Kwanza hakikisha taasisi yenyewe imesajiliwa. Tanzania bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa na Msajili wa NGO chini ya sheria ya mwaka 2002, na kila moja lina namba ya usajili. Taasisi nyingine zina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na nyingine ni za Serikali. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu. Taasisi makini hukutolea nakala bila kusita.

Kisha omba barua ya utambulisho. Iwe na mambo haya yote, maana likipungua moja utarudishwa mlangoni na kampuni ya kwanza utakayoiendea:

– jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA;
– kazi inayochangiwa, kwa maneno yaliyo wazi;
– tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha;
– akaunti ya benki au Lipa Namba ya taasisi, pamoja na jina lililosajiliwa;
– cheo na simu ya ofisi ya mtu wa kuthibitisha;
– sahihi na muhuri.

Katika kikao hichohicho uliza maswali manne na uandike majibu. Fedha zikizidi lengo zitakwenda wapi? Zikipungua je? Risiti itatolewa kwa kila mchangiaji au kwa jumla? Na je, unaruhusiwa kutumia nembo yao? Swali la kwanza hudharauliwa sana. Ukichangisha kwa ajili ya nauli tu, na nauli zikatosheka, taasisi haiwezi kwa haki kuhamishia baki kwenye jengo. Kwa hiyo maneno ya tangazo lako yaache mlango wazi kidogo: “nauli na mahitaji mengine ya wagonjwa wa fistula” ni bora kuliko “nauli” peke yake.

Fedha zisipite mfukoni mwako

Hili ndilo tunalolishikilia kuliko mengine yote. Michango iende moja kwa moja kwenye akaunti au Lipa Namba ya taasisi, wala isiingie kwenye simu yako hata kwa siku moja. Si suala la uaminifu wako. Laini hupotea au hufungwa. Mtoto huumwa usiku, na mtu akachukua 30,000 ya michango akisema atairudisha kesho. Na hata kama hukugusa kitu, huna namna ya kumthibitishia mtu ambaye amekwishaanza kukushuku.

Kuna sababu nyingine ya kila siku. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Watu wamechoka na namba za watu binafsi. Ukiwapa Lipa Namba ambayo jina la hospitali hutokea kabla hawajaweka namba ya siri, woga wao mwingi huisha. Kwa hiyo kila tangazo lako liwe na sentensi hii: “Jina litakalotokea kwenye simu yako ni (jina kamili la taasisi). Likitokea jina jingine, usiendelee.” Sentensi hiyo pia ndiyo kinga dhidi ya tapeli anayenakili tangazo lako na kubadilisha namba, jambo ambalo hutokea kampeni inapoanza kuvuma.

Jaribu njia ya malipo wewe mwenyewe kabla ya kuitangaza. Tuma 1,000 kutoka M-Pesa, kisha tafuta ndugu wenye Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa nao wajaribu. Andika hatua za menyu kwa kila mtandao, maana hazifanani. Kwa taasisi za umma utapewa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo watu huiita kontroli namba. Uliza inaisha muda lini, kwa sababu namba iliyokufa katikati ya kampeni hupoteza wachangiaji ambao hawatajaribu mara ya pili. Uliza pia makato yanabebwa na nani. Mtu aliyezoea kutuma “na ya kutolea” aambiwe kwamba hapa haihitajiki.

Ikiwa taasisi ni ndogo na haina Lipa Namba, tumia akaunti ya benki iliyo kwa jina lake. Ikishindikana hata hiyo, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja, au pochi ya kikundi kama M-Koba, na fedha zihamishwe kwa taasisi kila Ijumaa bila kungoja zifike kiasi cha kuvutia.

Lengo na ngazi ya michango

Lengo lisilopigiwa hesabu ni ndoto. Tuseme unataka shilingi 3,000,000 kwa wiki sita. Usigawe kwa idadi ya watu unaowajua. Uwezo wa watu haulingani. Jenga ngazi:

– watu 3 wa 200,000: 600,000
– watu 8 wa 100,000: 800,000
– watu 16 wa 50,000: 800,000
– watu 25 wa 20,000: 500,000
– watu 30 wa 10,000: 300,000

Jumla ni wachangiaji 82. Kwa kila mchangiaji mmoja unayemhitaji, weka majina mawili hadi matatu kwenye orodha, kwa sababu wapo watakaokuwa na msiba, ada au harusi ya kwao. Hivyo unahitaji majina kama 200. Yaandike kwenye kaunta buku, moja moja, ukipitia simu yako, kundi la shule, kanisa au msikiti, kazini, majirani, wateja. Mbele ya kila jina andika kiasi utakachomwomba. Ukiona orodha haina mtu hata mmoja wa 200,000, punguza lengo leo, usingoje wiki ya tano.

Wewe uwe wa kwanza kutoa. Kiasi chochote, lakini kilipwe kabla hujamwomba mtu.

Wiki sita ziangukie lini

Kalenda ina uzito kuliko maneno. Januari kuna ada za shule. Desemba watu wanasafiri kwenda kwao. Mshahara hutoka kuelekea mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki sita zako zipite kwenye miisho ya miezi miwili: ya kwanza ya kuomba, ya pili ya kukusanya ahadi.

Kwaresima ni kipindi kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Harusi hupungua kwa Wakatoliki, kamati nyingi zimelala, na watu wako katika moyo wa kutoa. Ramadhani vilevile, lakini tenganisha sadaka na zaka. Zaka ina wanaostahiki wa makundi manane yaliyotajwa katika Qur’ani, na Mwislamu makini atakuuliza kama taasisi ina utaratibu wa kuifikisha kwao. Kama haina, omba sadaka na useme wazi kuwa ni sadaka.

Ukiweza, malizia siku ya afya inayohusu ugonjwa wenyewe: 4 Februari ni ya saratani, 23 Mei ya kutokomeza fistula, 19 Juni ya selimundu, 29 Septemba ya moyo, 14 Novemba ya kisukari, 17 Novemba ya watoto njiti. Siku hizo redio huzungumzia ugonjwa huo bila wewe kulipa senti, na huwapa watu tarehe ya mwisho isiyoonekana kama umeibuni.

Namna ya kuomba

Anza kimya. Wiki ya kwanza usitangaze popote. Ongea na watu kumi wa karibu, wakiwemo wale watatu wa juu kabisa kwenye ngazi. Tangazo linapotoka wiki ya pili, tayari lina 900,000. Watu hawapendi kuwa wa kwanza kuweka fedha kwenye chombo kitupu.

Mkubwa kwa umri hupigiwa simu kwanza, meseji hufuata. Kumwandikia shangazi ombi la fedha bila kumsabahi ni kumkosea. Ukishaongea naye, mtumie maandishi haya ili awe na namba mkononi:

“Shikamoo shangazi. Asante kwa kunisikiliza. Kama nilivyokueleza, hadi tarehe 23 Mei ninachangisha nauli na mahitaji mengine ya akina mama wenye fistula. Upasuaji hawalipii, wengi wanakwama kwa nauli. Nimekuomba 50,000. Fedha haziji kwangu, zinakwenda hospitali kwa Lipa Namba … na jina litakalotokea ni … Ukishatuma niambie shangazi, nikuandike.”

Rika lako unaweza kuanza na meseji, lakini iwe yake peke yake: “Kaka, habari za siku? Nina ombi, nimekuandikia wewe, si kundi zima. Ninachangisha … Nimekuwekea 20,000. Unaionaje? Nakupigia Jumamosi asubuhi.” Kutaja kiasi huwatisha wengi wanaoomba, na wanaishia kusema “chochote ulichonacho”. Chochote huzaa 2,000, au huzaa ukimya, kwa sababu mtu hajui kipi ni aibu na kipi ni kujionyesha. Ukitaja kiasi unampa pa kuanzia, naye yuko huru kushuka.

Akisema hapana, mshukuru na umfute kwenye orodha ya kukumbushwa. Hapana moja usiigeuze kuwa ugomvi wa ukoo.

Kundi la WhatsApp lina kazi yake, ila si kazi ya kuomba. Mtu aliyeingizwa bila kuulizwa hutoka, na kutoka kwake huonekana na wote. Waingize waliokwisha toa au kuahidi tu, baada ya kuwauliza, na kundi liwe la taarifa: jumla ya leo, kilichobaki, siku zilizobaki. Weka mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika. Ule utaratibu wa harusi wa kila mtu kunakili orodha, kuongeza jina lake na kuirusha tena una hatari: wawili wakinakili kwa dakika moja, jina la mmoja hupotea, na aliyepotea hukasirika kwa haki. Mwandishi wa orodha awe mmoja.

Na majina pamoja na viasi yaonekane? Kwenye harusi ndiyo desturi. Kwenye matibabu tunashauri majina bila viasi, na kwa ruhusa. Wapo wanaotoa kwa siri kwa imani yao, na wapo wanaodaiwa na watu wa kundi hilohilo. Stetasi ya WhatsApp itumie kila siku mbili tatu kwa picha moja yenye jumla mpya. Inawakumbusha waliosahau bila kuwagusa.

Daftari

Kaunta buku moja au karatasi ya hesabu kwenye simu, yenye safu saba: tarehe, jina, simu, ahadi, kilicholipwa, namba ya muamala, ameshukuriwa au bado. Jaza jioni ileile. Namba ya muamala ndiyo roho ya daftari hili, kwa sababu Lipa Namba ya hospitali hupokea fedha za watu wengi na mhasibu hawezi kutofautisha mchango wako na malipo ya dawa ila kwa namba hiyo. Waombe wachangiaji wakutumie ujumbe wa muamala wenyewe, si skrinshoti tu, maana skrinshoti hutengenezwa. Mara mbili kwa wiki mpelekee mhasibu orodha ya namba hizo alinganishe na taarifa yake. Tofauti ya 20,000 hutafutwa kwa dakika tano ikiwa ya juzi. Ikiwa ya mwezi uliopita haipatikani.

Shukrani itoke ndani ya saa 24, kwa jina na kiasi. Waliotoa kiasi kikubwa wapigie simu. Hili halina gharama, na ndilo linaloamua kama mwakani watapokea simu yako.

Ahadi zisizolipwa

Zitakuwepo. Usizihesabu kamwe kama fedha, wala usiipe taasisi jumla yenye ahadi ndani yake. Wao hupanga safari za wagonjwa kwa jumla hiyo.

Mtu anapoahidi, muulize palepale tarehe. “Mwisho wa mwezi” haitoshi. “Tarehe 28” inatosha. Mkumbushe mara tatu: siku moja kabla, siku tatu baada, na wiki ya mwisho. Ruhusu kulipa sehemu ya ahadi: “Dada, kwenye ile ahadi yako ya 50,000 unaweza kuleta hata 20,000 wiki hii.” Wengi hukwama kwa sababu wanaona aibu kuleta nusu. Baada ya mara ya tatu acha, na usitangaze majina ya wanaodaiwa popote. Mtu hadaiwi sadaka.

Hafla, mbio na masanduku

Wazo la kwanza la watu wengi ni chakula cha hisani. Piga hesabu kwanza. Tiketi 60 za 30,000 ni 1,800,000. Ondoa ukumbi 500,000, chakula cha 12,000 kwa kila mgeni 720,000, muziki na vipaza sauti 200,000. Inabaki 380,000, na hapo hujalipia mapambo wala hujakumbana na tiketi zilizochukuliwa kwa mkopo. Watu 60 haohao ukiwaomba mmoja mmoja 20,000 na nusu wakatoa, una 600,000 bila sufuria hata moja. Hafla inafaa pale tu ukumbi na chakula vimetolewa bure na mwenye mali, au pale wageni wenye uwezo mkubwa hawafikiki kwa njia nyingine. Fulana nazo ni mtego uleule: zinachapwa 100, zinauzwa 40.

Mbio na kupanda mlima huleta fedha kwa sababu ni kazi ngumu yenye tarehe. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, akiwa mke wa Rais wa Kenya, alimaliza London Marathon kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto, na kliniki zinazotembea zilizotokana na kampeni hiyo zilifika kaunti zote 47. Huhitaji kwenda London. Kilimanjaro Marathon ya Moshi inatosha. Kumbuka tu kwamba ada ya kushiriki ni ya waandaaji, haimfikii mgonjwa, kwa hiyo uilipe mwenyewe na uwaambie watu umeilipa mwenyewe. Kwa wanaopanda Kilimanjaro jambo hili ni zito zaidi: gharama za mlima ni kubwa, na mchangiaji akigundua kwamba fedha zake zimelipia mwongozaji na hema lako, ana haki ya kulalamika.

Ukiandaa matembezi barabarani, sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Peleka mapema zaidi, pamoja na ramani ya njia, na upitie pia kwa mtendaji wa kata. Sanduku la michango lisipite sokoni au stendi bila barua na bila watu wawili. Liwe na kufuli, ufunguo ubaki kwa taasisi, na kuhesabu kufanyike mbele ya mtu wao. Bahati nasibu ya tiketi, hata ya kumshindania mbuzi, iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inahitaji kibali. Mnada hauna tabu hiyo: mbuzi huyohuyo mnadishe.

Kampuni ziendee mapema, hata miezi miwili kabla, na barua yenye muhuri, nakala ya cheti na akaunti kwa jina la taasisi. Zikikataa fedha omba vitu vyenye matumizi: mafuta ya gari la wagonjwa, maji, uchapaji.

Picha na habari za mgonjwa

Picha ya mtoto anayelia kitandani huleta fedha haraka, na tunakuomba usiitumie. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha iliyorushwa WhatsApp hairudi. Mama wa fistula ambaye amefichwa na familia kwa miaka hapaswi kuonekana kijijini kwake kwenye simu ya jirani. Tumia picha ambazo taasisi imezitoa kwa idhini ya maandishi ya wahusika, au picha za jengo, wauguzi, tiketi ya basi. Usipige picha wodini, hata muuguzi akikuruhusu kwa mdomo.

Maneno nayo yawe ya kweli. Usiahidi kwamba 50,000 “inaokoa maisha” kama taasisi haijasema hivyo. Usitaje gharama ya upasuaji uliyoisikia kwa mtu. Mpe mtaalamu wa taasisi asome tangazo lako kabla halijatoka. Sentensi moja ya kitabibu iliyokosewa inaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa aliyekuwa njiani.

Walio nje ya Tanzania

Kenya mambo mengi ni hayohayo, kwa jina la harambee na kwa Paybill ya taasisi badala ya Lipa Namba. Ila kukusanya fedha hadharani kuna sheria yake inayodai leseni, kwa hiyo usianze mtaani kabla ya kuuliza. Majukwaa kama M-Changa yanasaidia kuonyesha jumla waziwazi. Soma makato yake kwanza.

Ndugu walio Uingereza waulize kama taasisi ina shirika la hisani lililosajiliwa huko. Likiwepo, mlipa kodi akijaza tamko la Gift Aid, Serikali ya huko huongeza peni 25 kwa kila pauni moja. Fedha zikitumwa moja kwa moja Dar es Salaam nyongeza hiyo haipo. Walioko Ghuba na Marekani wanaotuma kwa kampuni za kutuma fedha ni bora wakusanye kwa mmoja wao na watume mara moja, kwa sababu makato ya miamala midogo mingi hula mchango. Huyo mmoja naye atoe taarifa kwa wenzake kwa daftari lenye safu zilezile saba.

Kufunga

Tarehe ya mwisho ikifika, tangaza jumla iliyolipwa, kisha acha wiki mbili za kimya kwa ajili ya fedha za kuchelewa. Baada ya hapo kaa na mhasibu, linganisheni daftari na taarifa ya akaunti mstari kwa mstari, na upate risiti ya jumla yenye namba na muhuri. Picha ya risiti hiyo itume kwa kila mchangiaji, aliyetoa 200,000 na aliyetoa 5,000 sawasawa, pamoja na mistari mitatu: kiasi kilichopatikana, kitakachofanyiwa, na lini taasisi itatoa taarifa ya matumizi. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda yako mwenyewe. Ikifika na taarifa haijatoka, ifuate ofisini mpaka uipate, kwa sababu wachangiaji wanakujua wewe kuliko wanavyoijua taasisi.

Nakala ya daftari mpe mhasibu aitunze kwa ajili ya ukaguzi. Namba za simu na viasi vya watu zifute kwenye simu za waliokusaidia, kundi la WhatsApp lifungwe baada ya taarifa ya matumizi kutumwa, na barua ya utambulisho irudishwe ofisini, kwa kuwa muda wake umekwisha na isije ikaangukia mikononi mwa mtu mwingine.